Rifaineri ikishika moto, tukimbie au tujifungie ndani?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mshoni, naishi Changamwe, Mombasa, kama nusu kilomita kutoka ukuta wa matangi ya mafuta. Nyumba yetu ni ya vyumba vinne, ya mabati juu, na nakaa na mavyaa wangu mwenye pumu na watoto watatu. Mdogo ana miezi minane. Juzi usiku tulisikia kishindo, kumbe ni transfoma ya stima, lakini mtaa mzima ulitoka mbio, wengine wakielekea kule kule kulikolia. Mume wangu asema siku moto ukitokea kweli tufunge milango na madirisha, tujifunike pua kwa leso mbichi, tutulie. Jirani asema huo ni ujinga, dawa ni kukimbia tu. Nani mkweli? Na ule moshi una nini ndani yake? — Mama Zuhura

JIBU: Aleikum salaam, Mama Zuhura. Mumeo na jirani yako wote wana haki, ila kila mmoja ana moto wake akilini. Mumeo anaona tangi linalowaka na moshi mweusi umetanda. Jirani anaona petroli au gesi iliyovuja, ambayo haijawaka bado. Balaa hizo mbili hazifanani, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Ukijifungia ndani huku mvuke wa petroli unatambaa uani, umekaa kuungoja mlipuko. Ukitoka mbio na mtoto mgongoni kuukata moshi ambao ungepita juu ya paa lako, umeufuata ugonjwa kwa miguu yako. Kabla hujaamua lolote jua mambo mawili: upepo unatoka wapi, na kinachokujia ni moshi au ni harufu.

Nianze na huo ukuta wenu, maana wengi bado wanafikiri mambo ni yale ya zamani. Rifaineri, yaani kiwanda cha kusafisha mafuta, ilianza kazi 1963 na ikaacha kusafisha mafuta ghafi Septemba 2013. Siku hizi pale ni matangi: mafuta yaliyokwisha kusafishwa huteremshwa melini kwenye gati ya Kipevu, huhifadhiwa, kisha husukumwa bara kwa bomba. Hiyo ni nafuu kwenu. Mitambo ya kuchemsha mafuta kwa joto na shinikizo kali, kama ule uliolipuka Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005 na kuua wafanyakazi 15, haifanyi kazi tena hapo. Hata ile gesi ya hidrojeni salfaidi, inayonuka yai bovu na ikizidi huilevya pua usiisikie tena, ni ya mafuta ghafi na mitambo yake kuliko ya petroli iliyo tayari. Kilichobaki ni petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege, tena kwa wingi. Na upande huo huo wa mji, kuelekea Miritini, kuna matangi ya gesi ya kupikia.

Sasa moshi. Ule weusi unaouona ni masizi, chembe ndogo mno zinazopita vinyweleo vya pua bila kukamatwa na kushuka hadi chini kabisa ya mapafu. Hizo ndizo zinazoamsha pumu na kumsumbua mwenye moyo au presha. Pamoja nazo kuna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Kuna salfa dayoksaidi, inayowasha koo na kubana kifua, hasa mafuta mazito yakiungua. Na kuna benzini (si petroli yenyewe, ni kemikali iliyomo ndani yake) na jamaa zake, ambazo kwa saa chache huleta kizunguzungu na kichwa kuuma. Najua umesikia benzini na saratani ya damu. Ni kweli, lakini hiyo hutafutwa kwa miaka ya kuivuta, na wanaoipata zaidi ni wanaofanya kazi nayo kila siku. Siku moja au mbili za moshi si hukumu.

Kipimo cha haki ni Richmond, California. Tarehe 6 Agosti 2012 bomba la rifaineri lilipasuka, moto ukawaka, wingu likaangukia mitaa ya jirani. Watu wapatao 15,000 walikwenda hospitali na zahanati katika siku na wiki zilizofuata, karibu wote kwa macho kuwasha, koo, kifua na kichwa. Hakuna mkazi aliyekufa. Ndivyo moshi wa mafuta unavyowatenda majirani mara nyingi: huwapata wengi, huwaua wachache, na wachache wenyewe ni watu kama mavyaa wako.

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata wafanyakazi wa depo, yaani maghala ya mafuta. Moto ukiwa mkubwa na mkali, joto lake huubeba moshi juu sana, na nyinyi mlio karibu mnaweza kuwa na hewa nzuri kuliko watu wa mbali. Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, moto wa depo ya mafuta uliwaka siku kadhaa na moshi ukaonekana kutoka mbali sana, lakini hewa ya chini haikuchafuka kama watu walivyohofia. Hatari ya moshi kwa jirani huja moto unapopungua nguvu: wazimamoto wamekwisha mwaga povu, moto unafuka badala ya kuwaka, na moshi uliopoa hauna cha kuubeba, unashuka mitaani. Saa ile watu wanaporudi majumbani wakisema alhamdulillahi umezimika, ndiyo saa ya kumweka mgonjwa wa pumu mbali.

Upepo nao. Nyinyi watu wa pwani hamhitaji mashine kuujua. Miezi ya kusi, tangu Aprili hivi hadi Septemba, unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, basi moshi utaelekea kaskazini na bara. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, unageuka na kuupeleka kusini-magharibi. Lakini usiku upepo hulala, na alfajiri umande, ule upepo wa nchi kavu, hutoka bara ukienda baharini, ukageuza kila kitu. Simama mlangoni kwako leo, uangalie matangi yako upande gani, ujiulize: wakati wa kusi niko njiani kwa moshi au siko? Wakati wa kaskazi? Ukilijua hilo umejua zaidi ya wengi wenye digrii zao. Siku yenyewe tazama minazi, bendera, nguo za kamba. Na mkitoka, msikimbie mbele ya moshi, kwa kuwa una mbio kuliko nyinyi na unakwenda mnakokwenda. Ukateni kwa ubavu: upepo ukiwapiga usoni au kisogoni, geukeni uwapige shavuni, mwende hivyo hadi mtoke chini ya lile wingu.

Tuje kwenye kujifungia. Ushauri wa "funga madirisha" uliandikwa kwa nyumba za nchi za baridi, zilizozibwa kila upenyo. Nyumba zetu zimejengwa ili zipumue. Kuna matundu juu ya mlango, kuna upenyo kati ya ukuta na mabati, kuna mlango wa uani usiofika chini. Jaribu hivi jioni moja: funga kila kitu, zima feni, washa chetezo, tia udi kidogo katikati ya chumba, halafu kaa utazame. Mahali moshi wa udi unapotokea ndipo moshi wa petroli utakapoingilia. Kwangu nilidhani dirisha ndilo baya. Kumbe moshi ulipanda moja kwa moja, ukapita pale mabati yanapokutana na ukuta kama umeitwa. Mke wangu alisema nimeharibu udi wa bure, lakini tangu siku hiyo tuna gunia la matambara na tepu pana ya nailoni juu ya kabati.

Basi chagueni chumba kimoja, cha upande usioelekea matangi, na kama kipo chenye dari, hicho. Zibeni matundu kwa nailoni na tepu, kandikeni matambara mabichi chini ya mlango, zimeni feni na esi. Wekeni ndani maji ya kunywa, maziwa ya mtoto, dawa za bibi, simu yenye chaji, redio. Msiwashe jiko humo hata la chai, wala msichome udi wala ubani. Nyumba kama yenu haizuii moshi, inauchelewesha. Kwa kadiri yangu ni nusu saa hadi saa moja kabla hewa ya ndani haijaanza kufanana na ya nje. Nusu saa hiyo yatosha kungoja upepo ugeuke au wingu lipite. Haitoshi kukaa usiku kucha. Kama kuna jirani mwenye ghorofa ya seruji, ongeeni naye sasa, wakati bado mnachekeana, mpate chumba kwake siku hiyo. Wingu likipita, fungueni mara moja, maana kilichokwisha ingia kinahitaji pa kutokea.

Leso mbichi? Inasaidia kidogo: inanasa masizi, inapunguza ile gesi ya kuwasha koo, na ikiwa imekunjwa mara nne ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Barakoa za N95 zinakamata masizi vizuri zaidi zikibana uso. Lakini si leso wala barakoa inayozuia kaboni monoksaidi au mvuke wa benzini, kwa hiyo usijione umevaa kinga ukaingia kwenye moshi kumtafuta mbuzi. Na mtoto wa miezi minane usimfunike uso kwa kitambaa kibichi hata kidogo. Utamziba pumzi mwenyewe.

Mliponishtua zaidi ni pale uliposema watu walikimbilia kishindo. Tarehe 6 Desemba 1917 meli iliyokuwa ikiungua ililipuka bandarini Halifax, Kanada. Mamia ya watu waliumia macho, wengine wakapofuka kabisa, kwa sababu walikuwa wamesimama madirishani wakitazama moto, na vioo vikawarukia. Miaka zaidi ya mia baadaye, tarehe 4 Agosti 2020, kabla bandari ya Beirut, Lebanoni, haijalipuka, watu walisimama madirishani vivyo hivyo, safari hii wameshika simu wakirekodi. Mwanga hufika papo hapo. Kishindo kinakwenda kilomita moja kwa kama sekunde tatu. Wewe uko nusu kilomita. Ukiona mmweko, hesabu moja, hujafika mbili, kimekufikia. Hakuna nafasi ya kwenda kuchungulia. Lala chini pale ulipo, mgongo kwa dirisha, mtoto chini ya kifua chako, mikono juu ya kichwa, na usiinuke upesi, maana mlipuko wa kwanza mara nyingi una wenzake. Vitanda vya watoto viondoeni chini ya madirisha leo hii.

Huo ulikuwa moto unaoonekana. Ule ninaouogopa zaidi hauonekani.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na gesi ya kupikia vivyo hivyo. Haupandi. Unatambaa ardhini kama maji, unafuata mitaro, unaingia vyooni, unatulia mabondeni, na unaweza kwenda mamia ya mita kabla ya kukutana na cheche. Buncefield tangi lilifurika usiku kwa kuwa kipimo chake kilikwama. Mvuke ukasambaa kama ukungu hadi nje ya ua, ukalipuka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili. Watu 43 waliumia na hakuna aliyekufa. Ingekuwa Jumatatu saa tatu tungesema mengine. Hapa kwetu hatukuwa na bahati hiyo. Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni, watu wakatoka na ndoo, na zaidi ya mia moja wakafa. Sachangwan, 31 Januari 2009, ni lori lililopinduka, na wafu wakapita mia vilevile. Walioteka hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye njaa waliodhani hatari ya petroli ni kiberiti, wakati pikipiki inayopigwa kiki ng'ambo ya barabara yatosha.

Kwa hiyo ukisikia harufu nzito ya petroli au gesi bila kuona moto, hapo jirani yako ndiye mkweli. Tokeni. Msiwashe taa, na iliyowaka msiizime. Swichi ina cheche yake. Simu pigeni mkiwa mbali. Msiwashe gari wala boda. Mwenye jiko la makaa linalowaka aliache, asilimwagie maji kwa haraka likaruka vijinga. Piteni mahali palipoinuka, mbali na mtaro, upepo ukitokea mnakokwenda. Mkishafika mbali pigeni 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199.

Na mkiona tangi la gesi limezungukwa na moto, msingoje kuambiwa. Tangi hilo huchemka ndani kwa ndani, chuma kinalegea, kisha linapasuka mara moja kwa mpira wa moto. Feyzin, Ufaransa, Januari 1966, lilipasuka wakati wazimamoto wakiendelea na kazi, na watu 18 wakafa. Usiku wa 1 Februari 2024 Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka, mitungi ikaruka na kuchoma nyumba, magari na maghala, na waliojeruhiwa wakapita mia mbili. Hapo umbali ndio kinga pekee, kilomita moja na zaidi.

Depo moja niliyofanyia kazi walijaribu king'ora kila Jumatano saa nne asubuhi. Majirani hawakuwahi kuambiwa mlio upi ni wa majaribio na upi ni wa kweli. Jumatano moja vali ilivuja kweli, saa nne na robo, king'ora kikalia, na mama wa mahamri ng'ambo ya barabara hakuinua hata jicho kutoka karaini. Mafuta yake yanachemka, moto wake unawaka, sisi tunampungia mikono kama wendawazimu. Tuliziba uvujaji kabla haujamfikia, lakini mimi sikulala usiku ule. Nendeni kwa mzee wa mtaa, naye aende kwa chifu, muulize katika baraza: king'ora chenu kinaliaje, maana yake nini, na sisi tukutane wapi? Ni haki yenu kuuliza, na mwenye matangi asiye na jibu aulizwe tena.

Mtu akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Najua bomba lenu halitoki kila siku. Mtungi mmoja wa lita 20 ukimiminwa polepole kwa kikombe, lita moja kwa dakika, unatosha dakika hizo kamili. Kwa hiyo uwepo mtungi mmoja usioguswa. Hata saa mbili baada ya kuungua maji bado yanasaidia. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyoloa petroli itolewe, iliyogandana na ngozi iachwe. Na ndiyo sababu nasema siku hiyo leso ya pamba ni bora kuliko buibui la kitambaa cha nailoni, ambacho huyeyuka na kunata. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, samli, yai, unga, asali, hapana. Nakubembeleza, kwa sababu kila mwaka kuna bibi mwenye nia njema na kopo la samli, na daktari hulazimika kumkwangua mgonjwa upya. Funika kidonda kwa nailoni safi ya jikoni au shuka safi, mfunike mwili uliobaki apate joto, hasa mtoto, umpeleke. Aliyeungua usoni, aliyekauka sauti, au anayetema makohozi meusi, huyo ni wa kwanza kwenye gari hata kama anaongea na kusema hajambo. Koo lake linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache.

Aliyevuta moshi mwingi akalalamika kichwa, kichefuchefu, akawa kama mlevi, mtoeni nje na mumpeleke kunakopatikana oksijeni, hospitali ya Port Reitz au ya Makadara. Msidanganywe na kile kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kaboni monoksaidi hukidanganya: kinasoma 98 wakati mtu anakufa. Na aliyemeza petroli, kama wale wanaoinyonya kwa mpira, asitapishwe. Ikirudi ikapitia mapafuni ni mbaya kuliko ilivyokuwa tumboni.

Mavyaa wako apate inhela mbili, moja kitandani na moja kwenye mfuko wa kukimbilia, na kipimo chake mkiulize kwa daktari sasa, msingoje usiku wa moto. Yeye na mtoto mchanga ndio watoke mapema kuliko wote, kwa ndugu wa Kisauni au Likoni, na wawe wa mwisho kurudi. Deer Park, Texas, Machi 2019, moto wa matangi ulizimwa, na kesho yake benzini ikapanda hewani kwa sababu lile povu lililofunika mafuta lilifunguka. Watu wakaambiwa wajifungie upya. Mkirudi, masizi yafuteni kwa kitambaa kibichi, msifagie yakaruka. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati yenye masizi msinywe, na tangi la juu lisilokuwa na mfuniko limwagwe na kuoshwa. Mchicha wa uani wenye masizi ng'oeni mtupe.

Umeniambia una watoto watatu, na nadhani Zuhura yuko shule. Moto ukianza mchana, usikimbie kumchukua ukiukata moshi. Nenda wiki hii kwa mwalimu mkuu, umuulize wakati wa kusi watawapeleka watoto wapi, na wakati wa kaskazi wapi, na uandike namba yake ya simu ukutani karibu na cherehani yako.